Zana imo ndani ya mradi, terminali inasema haipo

*"Nimejiunga na mradi wa JavaScript. Nilinakili msimbo, nikaendesha `npm install`, ikamaliza bila kosa. Nikichungulia ndani ya `node_modules` naiona folda ya `eslint`, lakini nikiandika `eslint src` naambiwa `command not found`. Mwenzangu mmoja akanishauri niandike `sudo npm install -g eslint`. Ikakubali, ila sasa inalalamika kwamba haipati faili la `eslint.config.js`, wakati mradi una `.eslintrc.json` na wenzangu wengine wanafanya kazi bila shida. Nimeona watu wakiandika `./node_modules/.bin/eslint`, wengine `npx eslint`, wengine `npm run lint`. Zinatofautianaje? Na je, niweke `node_modules/.bin` kwenye PATH ili niachane na usumbufu huu?"*

Hapo una matatizo mawili, na la pili limeletwa na dawa ya la kwanza. Usakinishaji wako wa mwanzo ulikuwa mzima: eslint, zana ya kukagua msimbo, ilishuka, ikakaa mahali pake, toleo lile lile wanalotumia wenzako. Kilichokosekana ni terminali kujua pa kuitafuta. Ulipoisakinisha tena kwa kompyuta nzima, hukuirekebisha ile ya kwanza, bali ulileta eslint ya pili, ya toleo jingine, na sasa hiyo ndiyo inayoitika ukiita jina.

Tuanze na jinsi terminali inavyotafuta. Ukiandika `eslint` na kubonyeza Enter, sheli (programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali) haipekui diski yako yote. Inasoma kigeu kinachoitwa PATH, ambacho ni orodha tu ya folda, zikitenganishwa kwa nukta pacha (kwenye Windows ni nukta mkato). Inazipitia kutoka kushoto kwenda kulia, na faili la kwanza lenye jina hilo na ruhusa ya kuendeshwa ndilo linaloitwa. Ikifika mwisho wa orodha mikono mitupu, inakuambia `command not found` na kurudisha namba 127. Kwenye Linux na macOS, folda uliyomo kwa wakati huo haihesabiwi isipokuwa iwe imetajwa kwenye PATH. Kwa hiyo hata ungesimama ndani ya `node_modules/.bin` yenyewe ukaandika `eslint`, jibu lingekuwa lile lile.

Sasa upande wa npm, programu inayosakinisha vifurushi vya JavaScript. Kila kifurushi kinachobeba amri hutangaza hivyo kwenye `package.json` yake, katika sehemu iitwayo `bin`. Ya eslint inasema, kwa maneno mengine, "jina `eslint` lielekezwe kwenye faili `./bin/eslint.js`". npm ikimaliza kukiweka kifurushi ndani ya `node_modules`, inatengeneza kiungo kwenye `node_modules/.bin` chenye jina hilo. Kitazame mwenyewe:

```
ls -l node_modules/.bin/eslint
```

Utaona kinaelekeza `../eslint/bin/eslint.js`. Faili hilo linaanza na mstari `#!/usr/bin/env node`, unaouambia mfumo kwamba liendeshwe na Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Kwenye Windows hakuna kiungo cha namna hiyo. npm huandika mafaili madogo matatu badala yake: `eslint` kwa ajili ya sheli za mtindo wa Unix kama Git Bash, `eslint.cmd` kwa ajili ya cmd, na `eslint.ps1` kwa ajili ya PowerShell. Yote matatu hufanya jambo moja, kuiita Node na kuikabidhi faili halisi.

Ukiwa humo ndani ya `.bin` usishangae kukuta amri ambazo hukuziomba. Palipo na eslint ya toleo la 8 utakuta pia `acorn` na `js-yaml`, kwa sababu vifurushi hivyo ni tegemezi vyake na npm huviunganisha vyote pamoja. Zinaendesheka, lakini usizijengee mazoea. Siku eslint ikiacha kutegemea kimojawapo, amri yako inatoweka bila taarifa. Unachokitumia moja kwa moja kitaje mwenyewe kwenye `devDependencies`, orodha ya zana za kazi iliyo ndani ya `package.json` ya mradi.

Kwa nini basi `-g` ilionekana kutibu? Kwa sababu huweka kifurushi kwenye folda ya pamoja, na kiungo chake hukaa mahali ambapo kwa kawaida pamo kwenye PATH, kama `/usr/local/bin`. Jina likapatikana. Lakini npm haikuangalia mradi wako unataka toleo gani, ilichukua la karibuni zaidi. Na hapa ndipo malalamiko ya `eslint.config.js` yanapotokea. Toleo la 9 la ESLint, lililotoka Aprili 2024, lilibadili mfumo wa mipangilio: kwa chaguo-msingi linasoma faili la aina ya `eslint.config.js` tu, na halisomi tena `.eslintrc.json`. Mradi wako bado uko kwenye toleo la 8, ambalo linaisoma ile ya zamani bila neno. Thibitisha kwa amri hizi mbili ukiwa kwenye mzizi wa mradi:

```
eslint --version
./node_modules/.bin/eslint --version
```

Ya kwanza ikianza na namba kubwa kuliko ya pili, ugonjwa umeshajulikana. Na usidhani kuoanisha namba hizo mbili kungekuokoa kwa muda mrefu. Huna mradi mmoja maisha yako yote, na kompyuta nzima ina nafasi ya eslint moja tu ya pamoja. Zaidi ya hapo, eslint ya pamoja iko kwenye kompyuta yako tu. Haiandikwi kwenye `package.json`, haimo kwenye `package-lock.json` (faili linaloshika matoleo kamili ya vifurushi vya mradi), na atakayejiunga na mradi baada yako ataanza upya na swali hili hili.

Nasaha ya `-g` haikuzuka hewani, lakini. Kuna zana chache zilizoundwa kwa sehemu mbili: kipande chembamba kinachokaa kwa kompyuta nzima, ambacho kazi yake ni kutafuta toleo lililo ndani ya mradi na kulikabidhi kazi. `grunt-cli` na `gulp-cli` ni hivyo, na `ng` ya Angular nayo ikikuta toleo la mradi hulipa nafasi. Maelekezo ya zana hizo yaliwazoesha watu kuandika `-g`, nao wakaihamishia kwa kila kitu. ESLint haina tabia hiyo: ukiita ya pamoja, ni ya pamoja itakayofanya kazi.

Kabla ya kuendelea, safisha. Kwa kuwa uliisakinisha kwa `sudo`, utaiondoa kwa `sudo`:

```
sudo npm uninstall -g eslint
hash -r
command -v eslint
```

Mstari wa pili unaiambia sheli isahau njia iliyokuwa imeikariri. Bila huo, bash inaweza kuendelea kulitafuta faili lililokwisha kufutwa na kukupa kosa la kuchanganya. Mstari wa tatu usipochapisha kitu, umefaulu. Na `sudo npm install` iache kabisa kuanzia leo. Vifurushi vinaweza kubeba skripti zinazojiendesha wakati wa usakinishaji, na hakuna sababu ya kuzipa mamlaka ya mtumiaji mkuu kwa ajili ya zana ya kukagua mabano na nukta mkato. Madhara yake mengine ni ya kukera zaidi kuliko ya kutisha: mafaili kadhaa huwa mali ya mtumiaji mkuu, kisha wiki zijazo `npm install` ya kawaida inakataa kwa kosa la `EACCES`, yaani kukosa ruhusa. Ukilikuta likitaja folda `~/.npm`, irudishie umiliki:

```
sudo chown -R "$(id -un)" ~/.npm
```

Sasa njia tatu ulizoziona. Zote huishia kwenye faili lile lile. Tofauti iko kwenye nani anayelitafuta na nini hutokea lisipokuwepo.

Kuandika `./node_modules/.bin/eslint src` ni kumpita mtafutaji. Umetaja anwani kamili, PATH haiulizwi. Ni njia ya haraka kuliko zote, kwa sababu hakuna npm inayoamshwa kwanza, na ni ya kweli kuliko zote: faili lipo au halipo, hakuna kubahatisha. Ndiyo maana naipenda kwa uchunguzi, kama tulivyofanya hapo juu. Kwa matumizi ya kila siku inachosha vidole, na inafanya kazi ukiwa kwenye mzizi wa mradi tu. Ukiingia `src` anwani hiyo haipo tena. Kwenye cmd ya Windows mikwaju iandike kinyume, `node_modules\.bin\eslint`, la sivyo cmd itakuambia haiitambui amri inayoitwa nukta. Na ukisoma mafunzo ya zamani yanayotumia `$(npm bin)/eslint`, jua kwamba amri `npm bin` iliondolewa kuanzia npm 9, kwa hiyo mstari huo hautafanya kazi kwenye kompyuta ya leo.

`npx eslint src` humwachia npx kazi ya kutafuta. npx ilianza kuja pamoja na npm toleo la 5.2.0 mwaka 2017, na tangu npm 7 imekuwa sura nyingine ya amri `npm exec`. Inaanza kwa `node_modules/.bin` ya mradi, na ukiwa folda ya ndani inapanda juu hadi iipate, kwa hiyo `src` si tatizo. Isipopata, inatazama zilizosakinishwa kwa kompyuta nzima. Isipopata huko nako, inakwenda kwenye hazina ya npm mtandaoni, inapakua kifurushi chenye jina hilo na kukiweka kwenye akiba yake ndani ya `~/.npm/_npx`, kisha inakiendesha. Mradi wako haupati kitu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Tuseme umesahau `npm install`, ukaandika `npx eslint src`. Hutaambiwa kwamba zana haipo. Utaulizwa kama uko tayari kusakinisha `eslint` ya toleo la karibuni, na ukibonyeza `y` kwa mazoea umerudi kwenye toleo la 9 au la baada yake na kosa lako la `eslint.config.js`, safari hii bila `sudo`. Kwenye seva ya majaribio ya kiotomatiki ni vibaya zaidi, kwa sababu npx ikiona haizungumzi na mtu, au ikitambua iko kwenye mazingira ya aina hiyo, huchukulia jibu ni ndiyo bila kuuliza. Dawa yake ni fupi:

```
npx --no eslint src
```

Ukiweka `--no` unasema: kama haipo, shindwa. Kwa skripti yoyote inayojiendesha yenyewe, hii ndiyo namna ya kuandika. Matoleo ya zamani yalitumia `--no-install` kwa maana hiyo hiyo. Kumbuka kwamba `--no` haiizuii npx kutumia ile ya kompyuta nzima, sababu nyingine ya kuifuta.

Mtego mwingine wa npx ni wa majina. Jina la amri na jina la kifurushi si lazima yafanane. Amri `tsc` hutoka kwenye kifurushi `typescript`. Ukiwa mahali ambapo TypeScript haijasakinishwa, ukaandika `npx tsc`, npx haijui habari hiyo, inatafuta kifurushi kinachoitwa `tsc`, na kwa bahati mbaya kipo, cha mtu mwingine, kisichohusiana kabisa na TypeScript. Hicho hakina madhara, kitakuambia tu kwamba sicho unachokitafuta. Lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba jina jingine utakalokosea herufi litakuwa na mwenyewe mwema, na npx haipakui tu, inaendesha msimbo huo hapo hapo kwa jina lako na funguo zako. Ikibidi utumie kitu ambacho hakimo kwenye mradi, taja kifurushi waziwazi, ikiwezekana na toleo:

```
npx -p typescript@5 tsc --version
```

Chaguo za npx yenyewe, kama `-p` na `--no`, zikae kabla ya jina la amri. Kila kinachofuata jina hupelekwa kwa zana.

Njia ya tatu, `npm run lint`, si kutafuta zana, ni kuita skripti iliyoandikwa ndani ya `package.json` ya mradi:

```
"scripts": {
  "lint": "eslint src",
  "lint:fix": "eslint src --fix"
}
```

Angalia kwamba ndani yake imeandikwa `eslint` mtupu, bila njia wala npx. Inawezekana kwa sababu npm, kabla ya kuendesha skripti, huitanguliza `node_modules/.bin` ya mradi kwenye PATH ya kazi hiyo tu. Pia huhakikisha skripti inaanzia kwenye folda yenye `package.json`, hata kama wewe uko ndani zaidi. Kuandika `npx eslint` ndani ya skripti ni kuongeza mzunguko usio na faida, na unafungua tena ule mlango wa kupakua. Ukitaka kujua mradi una skripti gani, andika `npm run` peke yake, zitaorodheshwa.

Hii ndiyo njia ninayokupendekezea kwa kila unachokifanya zaidi ya mara mbili. Si kwa sababu ni fupi, bali kwa sababu amri kamili, na chaguo zake zote, zimeandikwa mahali ambapo timu nzima inaziona. Wewe, mwenzako, na seva ya majaribio mnaendesha kitu kimoja. Lakini ina mambo yake ya kuangalia. Ukitaka kuiongezea chaguo, weka vistari viwili peke yake kwanza:

```
npm run lint -- --fix
```

Ukiandika `npm run lint --fix`, npm itadhani `--fix` ni yake, na eslint haitaiona kamwe. Hakuna marekebisho yatakayofanyika, na utabaki ukijiuliza kwa nini.

Jingine ni alama za kunukuu. Skripti za npm huendeshwa na `sh` kwenye Linux na macOS, na cmd kwenye Windows, hata kama wewe mwenyewe unatumia zsh au PowerShell. Ukiandika `eslint src/**/*.js` bila alama za kunukuu, `sh` huipanua yenyewe kabla eslint haijaiona, na kwa `sh` nyota mbili ni sawa na moja: mafaili yaliyo kwenye folda za ngazi moja tu chini ya `src` yatakaguliwa, ya ndani zaidi yanaachwa, na hakuna onyo. Ukizungushia alama moja-moja, kama `'src/**/*.js'`, Linux inafurahi ila cmd inazichukulia alama hizo kuwa sehemu ya jina la faili. Kinachokubalika pande zote ni alama mbili-mbili, ambazo ndani ya JSON huandikwa `\"src/**/*.js\"`. Kwa eslint unaweza kukwepa yote haya kwa kutaja folda `src` tu, lakini zana nyingine hazina huruma hiyo.

Sasa la PATH. Wengi huongeza mstari huu kwenye `.bashrc` au `.zshrc`:

```
export PATH="./node_modules/.bin:$PATH"
```

Nakuomba usiuweke. Utafanya kazi, hilo silibishi, lakini tazama unachoahidi. Nukta iliyo mwanzoni humaanisha "folda yoyote nitakayokuwa ndani yake". Ukipakua mradi wa mtu usiyemjua ili kuusoma tu, ukaingia ndani yake na kuandika `ls` au `git status`, sheli itaangalia kwanza kama mradi huo una `node_modules/.bin/ls` au `node_modules/.bin/git`. Ikiwa mwenye mradi aliitegesha, umeendesha programu yake bila hata kusakinisha kitu. Wengine hujibu: basi niiweke mwishoni, `$PATH:./node_modules/.bin`. Hatari inapungua, ila faida nayo inapungua, kwa sababu sasa zana ya kompyuta nzima ndiyo itakayoshinda ya mradi, na hilo ndilo hasa lililokuleta hapa. Halafu bado haifanyi kazi ukiwa ndani ya `src`.

Kama kuandika `npx` kunakuudhi kweli kweli, kuna njia ya adabu: programu inayoitwa direnv. Unaisakinisha mara moja na kuiunganisha na sheli yako, kisha kwenye mzizi wa mradi unaweka faili `.envrc` lenye mstari mmoja, `PATH_add node_modules/.bin`, na kuliidhinisha kwa `direnv allow`. Kuanzia hapo, ukiingia kwenye mradi huo folda hiyo huongezwa kwa anwani kamili, kwa hiyo folda za ndani nazo zinafaidika, na ukitoka huondolewa. Mradi usiouidhinisha haupati kitu, na `.envrc` ikibadilika unaombwa idhini upya. Bado unaviamini vifurushi vya mradi huo, lakini sasa ni kwa mradi ulioutaja kwa jina.

Kuna hali ambazo kila kitu umekiandika sawa na bado zana haipatikani. Ya kawaida kuliko zote ni kigeu `NODE_ENV` kuwa na thamani `production`, au mtu kuendesha `npm install --omit=dev`. Hapo npm huruka `devDependencies` zote, na eslint, tsc na nduguze ndiko wanakoishi. Usakinishaji unamalizika salama, `.bin` inabaki na upungufu, na hakuna kosa jekundu. `npm ls eslint` itakuonyesha kama kweli ipo na ni toleo gani. Kwenye seva ya majaribio tumia `npm ci` badala ya `npm install`: inafuta `node_modules`, inasakinisha vile vile `package-lock.json` inavyosema, na inakataa ikiwa faili hilo na `package.json` hayapatani.

Ya pili ni kunakili `node_modules` kutoka kompyuta nyingine au kwa diski ya kubebeka. Viungo vya `.bin` vikigeuzwa kuwa nakala za kawaida, skripti inapoita mafaili ya jirani inayatafuta kwa kuanzia `.bin` badala ya ndani ya folda yake, na unapata `Cannot find module`. Ruhusa ya kuendesha ikipotea njiani, unapata `Permission denied` na namba 126. Na vifurushi vyenye sehemu zilizotengenezwa kwa mfumo maalumu, kama esbuild, havivuki kutoka Windows kwenda Linux hata ukiomba dua. Usirekebishe kimoja kimoja. Futa `node_modules`, uendeshe `npm ci`. Diski ya aina ya exFAT haiwezi kuhifadhi viungo kabisa. Kama ni lazima ufanye kazi humo, sakinisha kwa `npm install --no-bin-links` na uite faili lenyewe: `node node_modules/eslint/bin/eslint.js src`.

Kwenye Windows, PowerShell ikikataa kwa kusema uendeshaji wa skripti umezimwa, inazungumzia lile faili la `.ps1`, haina ugomvi na npm. Andika `npx.cmd eslint src`, au ruhusu skripti kwa akaunti yako peke yake kwa `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`. Kompyuta ikiwa ya ofisi, hilo la pili uliza kwanza.

Wasiotumia npm wana majina mengine tu. Kwa pnpm ni `pnpm exec eslint`, na `pnpm dlx` ndiyo ya kupakua. Mgawanyo huo wa majina naupenda kuliko npx, kwa sababu huwezi kupakua kwa bahati mbaya. Yarn ni `yarn eslint` na `yarn dlx`. Tena Yarn ya kisasa, katika hali yake ya kawaida, haina `node_modules` kabisa, ndiyo maana anwani ya `./node_modules/.bin` haifai kuandikwa kwenye skripti au maelekezo ya mradi. Nje ya JavaScript wazo ni lile lile: PHP na Composer huweka amri kwenye `vendor/bin`, Ruby hutumia `bundle exec`, na Python huziweka kwenye `bin` ya mazingira ya mradi (`Scripts` kwenye Windows), ambako `python -m pytest` hukuhakikishia kwamba pytest inayoendeshwa ni ya Python hiyo hiyo.

Kuna mahali pa kuacha kusoma na kumwita mtu aketi nawe. Kama umekwisha kutumia `sudo` mara nyingi na `EACCES` inataja folda zaidi ya `~/.npm`, usianze kubadili umiliki wa `/usr` kwa kubahatisha, unaweza kuuvunja mfumo wenyewe. Kama npx ilipakua na kuendesha kifurushi ambacho jina lake ulikosea, na kompyuta hiyo ina funguo za kazi, mwambie anayeshughulikia usalama siku hiyo hiyo, zibadilishwe. Na kama mradi hauna skripti ya `lint` kabisa, mwulize anayeusimamia kabla ya kuongeza ya kwako, huenda ukaguzi unafanyika mahali pengine. Ukienda kwa yeyote kati yao, nenda na majibu ya `node -v`, `npm -v`, `npm ls eslint`, `command -v eslint` na `echo $PATH`. Faili la `.npmrc` usimtumie mtu, mara nyingi huwa na tokeni (funguo za siri) ndani.